Mgeni, Mwenyeji na Njia ya Reli

Waswahili husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutamkwa mlangoni kwa furaha, mgeni apokewapo mzigo wake na kukaribishwa ndani. Husema vile vile, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hii ya pili hutamkwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi mgeni mwenyewe haisikii. Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza yaeleza tumaini la mwenyeji kwa mgeni wake, na ya pili yaeleza dai la mwenyeji juu ya mgeni huyo. Kati ya tumaini na dai pana swali la haki, na mahali ambapo swali hilo huonekana kwa ukubwa wake wote ni pale nchi inapojengewa reli.

Maana reli ni mgeni mkubwa. Huja na fedha zilizokopwa mbali, na mashine ambazo kijiji hakijapata kuziona, na mafundi wasemao lugha ngeni. Hupita katika mashamba, huhamisha makaburi, na hugawa kijiji mapande mawili hata mtu na ndugu yake wakahitaji daraja ili wajuliane hali. Mwenyeji huombwa avumilie hayo yote kwa kuwa atapona: vijana watapata kazi, wenye maduka watauza bidhaa, wenye malori watabeba kokoto, na mama lishe watawapikia wafanyakazi. Je, ahadi hii ni kitu gani? Ni sadaka ambayo mjenzi huitoa akipenda, au ni deni ambalo hana budi kulilipa? Na ikiwa ni deni, hulipwa kwa sarafu gani?

Wako watu waonao kwamba swali hili ni jepesi. Husema kuwa kazi ni kazi, na mshahara ni mshahara. Aliyechimba mtaro akalipwa ujira wake jioni hadai kitu tena. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini historia ya reli katika Afrika ya Mashariki yaonyesha kuwa halitoshi.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa mji wa Nairobi mwaka 1899, na ikakoma Kisumu, kando ya ziwa, mwaka 1901. Kwa ujenzi huo serikali ya Kiingereza iliajiri kwa mikataba watu zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na yapata 2,500 kati yao walikufa kazini. Wenyeji walioajiriwa walikuwa, kwa sehemu kubwa, wafyekaji, wachimbaji na wachukuzi. Walilipwa, na kwa hesabu ya jioni hawakudai kitu. Lakini reli ilipokwisha kujengwa, mpango wa siku za ujenzi haukuondoka pamoja na mahema ya wajenzi. Kwa miongo mingi iliyofuata Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, na Mwafrika chini, katika karakana, katika vituo na hata katika nyumba za kulala. Aliyeingia katika reli kwa mlango wa jembe alibaki mlangoni na jembe lake. Hivyo, ugawaji wa kazi uliofanywa kwa haraka ya miaka mitano ukawa ugawaji wa maisha ya vizazi viwili.

Reli ya Kati ya Tanganyika yafundisha jambo jingine. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa sehemu kubwa iliandama njia ya misafara ya kale, ambayo wapagazi, na Wanyamwezi mbele yao, waliipita kwa miguu kwa miaka mingi. Upagazi haukuwa kazi ya mabega peke yake. Ulikuwa na viongozi wake, kanuni zake, ujira wake uliojulikana, na heshima yake. Kijana aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Garimoshi lilipofika, kazi hiyo ikafa. Hapana mwenye haki awezaye kusema kwamba ingefaa mizigo iendelee kubebwa kichwani. Lakini yafaa kukumbuka kuwa kazi mpya iliyotolewa badala yake haikuwa sawa na ile iliyoondolewa. Aliyekuwa bingwa wa safari akawa kibarua wa tuta. Mtu ahesabuye idadi ya kazi tu ataona kwamba kazi iliondoka na kazi ikaja. Asiyehesabu idadi tu ataona kwamba ujuzi uliondoka na nguvu ikabaki.

Mfano wa tatu ni reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi katika Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usiokuwa na riba. Humo wageni na wenyeji walifanya kazi bega kwa bega. Vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa China kusomea mambo ya reli, na chuo cha mafunzo kikawekwa Mpika. Mgeni alikuja na kitabu pamoja na nyundo. Ni kweli kwamba reli hiyo ilikusudiwa kubeba tani 2,000,000 kwa mwaka na haikupata kufika kiasi hicho, kwa kuwa elimu bila matunzo, vipuri na uongozi mwema haivuti mabehewa. Hata hivyo, ilipodhoofika, ilidhoofika mikononi mwa watu walioijua. Mgonjwa aliyezungukwa na jamaa wajuao maradhi yake si sawa na mgonjwa aliyeachwa na tabibu mgeni asiyeacha hata jina la dawa.

Sasa zama nyingine za reli zimefika. Kenya ilifungua reli yake mpya ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Mwaka huo huo Tanzania ilianza kujenga reli ya umeme kutoka Dar es Salaam; abiria walianza kusafiri hadi Morogoro mwezi wa Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi wa Julai mwaka huo. Ukitazama vitu vilivyoikamilisha kazi ya Tanzania, utaona jinsi dunia ilivyogawana. Mkandarasi wa kipande cha kwanza na cha pili alitoka Uturuki. Vyuma vya reli vililetwa kutoka Japani. Vichwa vya treni vilitengenezwa Korea ya Kusini. Nchi yenyewe ilitoa ardhi, mawe, mchanga, saruji, chakula, ulinzi, na mikono. Katika Kenya ilitangazwa kwamba sehemu ya asilimia 40 ya mahitaji ya ujenzi ingenunuliwa nchini. Tena sheria za ununuzi za nchi zote mbili zimetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vikundi vya vijana, wanawake, watu wenye ulemavu na makundi mengine maalumu. Basi kwa maandishi mgeni wa leo ni mwema kuliko mgeni wa mwaka 1896. Neno linalotumika sana katika maandishi hayo ni fursa.

Fursa ni mlango, na mlango ukifunguliwa ni jambo la shukrani. Lakini mlango uliofunguliwa katikati ya ukuta mrefu, pasipo ngazi ya kuufikia, si mlango ila kwa ndege. Na achukuliwe mfano wa kufikiriwa. Akina mama ishirini wa Kilosa, mahali ambapo reli hupenya milima kwa mahandaki, hulima mboga na mpunga. Kambi ya wajenzi yahitaji chakula kingi kila juma, cha namna moja, chenye stakabadhi, na malipo hutolewa baada ya miezi mitatu. Akina mama wanacho chakula, lakini hawana mizani iliyopigwa muhuri, hawana lori, na zaidi ya yote hawana miezi mitatu. Mtoto hali stakabadhi. Basi hutokea mfanyabiashara wa mjini, mwenye lori na subira ya benki, akapata zabuni, akaja kununua mboga zile zile kwa wale wale akina mama kwa bei ya kiangazi, akazipeleka kambini kwa bei ya mkataba. Hakuna sheria iliyovunjwa. Katika taarifa yaandikwa kwamba chakula chote kilinunuliwa nchini, na taarifa yasema kweli. Lakini faida ya kuwa jirani imemwendea asiye jirani, na jirani amebaki na vumbi la malori.

Pana jambo baya kuliko hilo, nalo ni kuazima jina. Sheria itakapo kampuni ya mwenyeji, mwenyeji mmoja huonekana ofisini akitia saini, ilhali mtaji, uamuzi na faida ni vya mtu mwingine. Huyo hupewa kitu kidogo kwa ajili ya jina lake. Yeye hujiona amepata, na kweli amepata, lakini ameuza kitu kisichokuwa chake peke yake. Sheria ile haikuwekwa kwa ajili ya jina lake, bali kwa ajili ya nchi ipate watu wajuao kutenda kazi kubwa. Auzaye jina lake huuza nafasi ya mtoto wa jirani ya kujifunza.

Hapa yafaa kusikiliza hoja ya upande wa pili, maana ina uzito wake. Asemaye hoja hiyo huuliza hivi: Ikiwa nondo za mwenyeji ni ghali kuliko nondo za mgeni, ni nani alipaye tofauti? Mkulima wa Songea, ambaye pengine hataisikia treni hiyo ikipiga honi maisha yake yote, ndiye alipaye kodi. Ni haki gani imtozayo maskini wa mbali ili amtajirishe mwenye kiwanda wa karibu? Hoja hii haijibiwi kwa kelele za uzalendo. Hujibiwa kwa kusema kwamba tofauti hiyo ya bei ni ada. Baba hulipa ada ili mtoto ajifunze, na wala haoni kwamba ameibiwa, maadamu mtoto asoma kweli na maadamu masomo yana mwisho. Kiwanda kipewacho upendeleo ili kijifunze kutengeneza nondo bora, kisha baada ya miaka kadha kikaweza kushindana, kimelipiwa ada ya halali. Kiwanda kipewacho upendeleo mwaka baada ya mwaka pasipo kujifunza neno kinamla mkulima wa Songea. Ada isiyo na mwisho si ada. Ni ushuru wa mwenye nguvu juu ya mnyonge. Basi anayedai upendeleo kwa mwenyeji hana budi kudai pia mtihani na muda.

Swali jingine gumu ni hili: Mwenyeji ni nani? Kijana wa Kilosa husema kwamba kazi ya Kilosa ni ya watu wa Kilosa. Kijana wa Tabora, aliyesoma ufundi na kukosa kazi, husema kwamba reli ni ya Tanzania na yeye ni Mtanzania. Kila kijiji kikifunga mpaka wake, reli itakuwa mkufu wa ugomvi kutoka pwani hata ziwani. Na kila mpaka ukifunguliwa kabisa, mwenye shamba lililokatwa atasimama kando ya uzio akiwatazama wengine wakila katika sahani iliyowekwa juu ya kaburi la babu yake. Ugomvi huu hautatuliwi kwa kuchagua mmoja na kumfukuza wa pili, kwa sababu madai yao si ya namna moja. Dai la jirani latokana na hasara: yeye ametoa ardhi, usingizi na njia yake ya kwenda kisimani. Dai la raia latokana na deni: yeye na watoto wake ndio watakaolipa mkopo. Kwa hiyo jirani astahili fidia kamili ya mali yake, itolewayo kabla ya tingatinga kufika, na zamu ya kwanza katika kazi na biashara zitegemeazo ukaribu: ulinzi, upishi, ufyekaji, mchanga na kokoto. Raia, popote alipozaliwa, astahili ujuzi: kuendesha, kupima, kutengeneza, kuongoza. Na kijana wa Kilosa, kwa kuwa ni jirani na raia pia, asinyimwe la pili kwa sababu amepewa la kwanza.

Lakini yuko mwenyeji wa tatu, naye husahauliwa mara nyingi kwa sababu reli haikupita katika shamba lake. Huyo ni yule aliyeishi kwa njia ya zamani. Kati ya Mombasa na Nairobi kulikuwa na miji iliyokula kwa malori: Mariakani, Voi, Mtito Andei na mingine. Dereva alisimama, akala, akalala, akaziba pancha, akanunua kitunguu cha kupeleka nyumbani. Ilipoamriwa kwamba makasha ya bandarini yachukuliwe kwa reli hadi Nairobi, malori yalipungua, na mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana wakilalamikia riziki zao. Mwezi wa Septemba 2022 serikali mpya iliondoa amri hiyo, na mwenye mzigo akaruhusiwa tena kuutolea Mombasa. Hapana haja ya kuamua hapa kama amri ya kwanza ilikuwa na faida kwa hesabu za mkopo, au kama ya pili ilikuwa ya busara. Jambo la kuangaliwa ni kwamba sheria inajua kulipa mwembe uliokatwa, haijui kulipa mteja asiyesimama tena. Mwenye mwembe ana hati na shina la kuonyesha. Mama aliyeuza chai kwa madereva kwa miaka ishirini ana birika tu. Walakini hasara ya wote wawili imetoka katika chanzo kimoja. Nchi isemayo kwamba reli imeleta kazi elfu kadha, na isiseme ni kazi ngapi imezima, imetoa hesabu ya upande mmoja, na hesabu ya upande mmoja hata ikiwa sahihi si ya kweli.

Yafaa pia kusema neno juu ya wajibu wa mwenyeji, maana haki isiyofuatana na wajibu hugeuka kuwa kulalamika. Mafuta yanapofyonzwa usiku kutoka katika mashine, saruji inapotoka kambini kwa mifuko, na nyaya zinapokatwa zikauzwe kwa kilo, mwenyeji hamwibii mgeni. Mgeni ana bima, na ataondoka. Mwibiwa ni mtoto wa mwizi mwenyewe, atakayelipa deni la waya uleule mara mbili. Kadhalika kijana afikaye kazini akitaka mshahara wa fundi na asitake uchovu wa kujifunza, anakataa jembe alilokuwa akilidai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi deni hulipwa kwa sarafu gani? Ujira wa jioni ni sehemu yake, wala usidharauliwe, kwa kuwa umesomesha watoto na kuezeka nyumba. Lakini ujira ni sarafu ipunguayo kwa kutumiwa. Siku taruma la mwisho linapolazwa, kibarua hurudi nyumbani na kijiji hunyamaza kama uwanja baada ya harusi. Ikiwa fedha ndiyo peke yake iliyotolewa, mgeni ameondoka na mwenyeji amerudi katika ugonjwa wake, pengine na njaa mpya ya vitu alivyovizoea. Ujuzi ni sarafu nyingine. Aliyejifunza kuunga chuma juu ya reli aweza kuunga lango la shule. Kikundi kilichojifunza kupima mzigo, kuandika hesabu na kungoja malipo pasipo kufilisika chaweza kesho kuilisha hospitali. Kwa hiyo kipimo cha haki hakiwekwi siku ya kuweka jiwe la msingi, wakati ngoma zinapopigwa na idadi za kazi zinapotangazwa. Huwekwa siku ile ambapo treni itasimama porini kwa hitilafu, mgeni akiwa amekwisha kurudi kwao. Siku hiyo itaulizwa: Ni nani ashukaye na bisibisi mkononi, na kipuri chake kimetoka wapi?

Hili likikubaliwa, yako mambo ambayo mwenye kuandika mkataba aweza kuyatenda. Aweza kuandika, pamoja na idadi ya wenyeji watakaoajiriwa, idadi ya kazi za kigeni zitakazokabidhiwa kwao na mwaka wa kukabidhiwa. Aweza kuigawa zabuni kubwa ya chakula au kokoto kuwa zabuni ndogo zinazolingana na uwezo wa kijiji. Aweza kuamuru kwamba mwenye mtaji mdogo alipwe kwa majuma, si kwa miezi. Aweza kutuma mtu aulize kama jina lililotia saini lina ofisi, watumishi na mashine. Hayo si makubwa, wala hayaongezi gharama kwa kiasi cha kutisha. Yataka tu mtu anayeamini kwamba anaandika deni, si sadaka. Kwa maana atoaye sadaka hutoa alichonacho mfukoni na kushukuriwa. Adaiwaye huulizwa kiasi, na tarehe, na ushahidi.

Wahenga hawakukosea waliposema mgeni aje ili mwenyeji apone. Lakini hawakusema kwamba mwenyeji hupona kwa kumtazama mgeni. Nyumba yenye mgeni hupata ponyo kwa sababu chungu huinjikwa, na wenye nyumba huketi pamoja naye na kula. Tena akiwa mgeni mwema hueleza dawa ya kwao jinsi inavyochemshwa, ili akiisha kwenda, waichemshe wenyewe. Reli iliyofika Dodoma mwaka 2024 inakusudiwa kufika Tabora, Mwanza na Kigoma, na kuvuka hata Burundi. Vijiji vingi vilivyo mbele bado havijaona tuta. Wenyeji wao watamkaribisha mgeni, kwa kuwa ndiyo desturi, na watamngojea siku mbili. Siku ya tatu wasipewe wao jembe, na mgeni akashika kitabu.